Uzito wa Kinyozi

Jumatatu, 3 Machi

Sista kanipa daftari hili leo mbele za watu, kama mtoto aliyefeli hesabu. Kasema nimeingia na kilo tatu na nusu juu ya uzito wangu mkavu, na kilo hizo si nyama, ni maji, maana figo zangu hazitoi tena hata tone. "Andika kila unachokunywa. Hata kipande cha barafu ni maji." Haya, naandika: asubuhi nusu kikombe cha chai, mchana nusu kikombe cha kumezea dawa, jioni robo. Na kwa kuwa daftari ni kubwa na mikono yangu haijazoea kukaa bure, nitaandika na yanayonikera. Yako mengi.

La kwanza ni mvua. Masika yameanza leo. Sisi watu wa mashine ya kusafisha damu tumeruhusiwa vikombe viwili kwa siku, na juu ya kichwa changu maji yanachapa bati tangu alfajiri. Mungu naye ana utani.

La pili ni Kinyozi. Mimi nakaa kiti cha tatu, yeye cha nne, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, masaa manne kila mara. Damu inatoka mkononi, inapita kwenye mashine, inarudi. Masaa manne ni marefu ukikaa karibu na mdomo usiofungwa. Leo tena ni Ngome. Ngome ile ya kwenye stempu, ya kwenye vitabu vya shule, iliyojengwa na watu tusiowajua hata majina. Yeye kafika. Kapanda mpaka juu. Kaona mto ukimeta chini yake, kalia machozi. Wodi nzima tunaijua hadithi hiyo kama dawa zetu.

La tatu ni huyo Sista mwenyewe. Tunamwita Sista Mizani. Hakusalimu mpaka umepanda kwenye mizani.

Jumatano, 5 Machi

Maji: vikombe viwili. Mvua. Kinyozi.

Ijumaa, 7 Machi

Leo Karani kafungua mdomo. Ni mzee wa kiti cha tano, mstaafu wa mahakama, mtu wa maneno matatu kwa wiki. Kasema, "Mimi sijawahi kuiona Ngome. Sasa sidhani kama nitaiona." Basi, hayo tu. Kinyozi akaruka karibu ang'oe sindano. "Twende! Sisi tumefungwa kamba hapa, lakini kamba ina urefu wake!"

Tukahesabu. Ukitoka kwenye mashine Ijumaa, hurudi mpaka Jumatatu. Jumamosi basi la asubuhi, masaa sita. Unalala nyumba ya wageni. Jumapili unapanda Ngome asubuhi, mchana unapanda basi, jioni uko kwako. Inawezekana kabisa. Wakanikabidhi mimi mipango, maana ni fundi wa sare za shule, na kitu kisichopimwa hakinikai. Nilijifanya nimechukia. Kweli nimefurahi. Tangu nianze mashine, mwaka wa pili huu, sijapanga jambo lolote linalozidi siku mbili.

Jumatatu, 10 Machi

Yamenikuta leo makubwa.

Nilikwenda na karatasi ya maswali. Karani alikuwa amelala. Nikamuuliza Kinyozi, "Ngazi ngapi mpaka juu?"

"Nyingi."

"Nyingi ni ngapi? Hamsini? Mia tatu?"

"Dada Fundi, anayetazama uzuri hahesabu ngazi."

"Pembeni kuna pa kushika?"

"Pa kushika pa nini?"

"Pa kushika mimi nisianguke! Choo je? Kiko chini au juu?"

Kimya. Kinyozi, kimya! Akageuza shingo kuhakikisha Karani kalala, akasema polepole, "Fundi, sijawahi kufika."

Nilidhani ni presha inanishuka. Miaka thelathini na moja anawahadithia watu! Akaniambia ilivyoanza. Alikuwa kijana, ndiyo kwanza kafungua duka, kabandika ukutani picha ya Ngome kutoka kwenye kalenda. Binti mmoja akamleta mdogo wake kunyolewa, akaitazama picha, akauliza, "Umewahi kufika?" Akasema ndiyo, ili binti akae kidogo. Binti akakaa. Ndiye mkewe mpaka leo. Baada ya hapo ikawa kila mteja anahadithiwa. "Mteja kainamisha kichwa, wembe uko shingoni. Atanibishia?"

"Na mto?"

"Nimeutia mwenyewe. Hadithi bila maji haina ladha."

"Njia ya mwongo ni fupi," nikamwambia.

"Yangu ina miaka thelathini na moja, na bado naitembea." Tulicheka mpaka mashine yangu ikalia na Sista akaja kutukaripia. Alipoondoka Kinyozi hakucheka tena. Akasema, "Nikifa, mke wangu atamlilia mtu aliyefika Ngomeni. Sitaki anililie mimi kwa machozi ya mtu mwingine. Nikifika, hata nusu saa tu, uongo wote unageuka kweli. Tarehe tu ndiyo itakuwa imekosewa."

Nimerudi nyumbani nikiwa na hasira naye, na sijui kwa nini nimekata kitambaa vibaya mara mbili.

Ijumaa, 14 Machi

Sista Mizani kasikia habari za safari. Nilijua atakataa. Hakukataa, kafanya vibaya zaidi: katupa masharti kama wafungwa. Ijumaa tutoke hapo tukiwa na uzito mkavu kamili. Chupa moja ndogo ya maji kwa siku mbili. Tusiguse ndizi wala machungwa. Jumatatu saa moja asubuhi tuwe kwenye mizani. "Mkikwama huko siku moja tu, mapafu yatajaa. Mtazama mkiwa nchi kavu." Kasema hivyo bila kupepesa. Mwanamke yule ana moyo wa chuma.

Mdogo wangu, ninayekaa naye, kasikia masharti akapiga kofi. "Dada, safari gani hii? Sikio la kufa halisikii dawa." Nikamwambia sikio ni langu.

Jumatatu, 17 Machi

Maji: kikombe kimoja na nusu. Sista kaniambia "vizuri." Nimeshangaa.

Jumatano, 19 Machi

Karani hakuja.

Ijumaa, 21 Machi

Karani kafariki jana. Hakuna makelele, hakuna nini. Mshipa wake wa mkono uliziba, wakatafuta mwingine, homa ikaingia.

Nilipofika, kiti cha tano kilikuwa na msichana kakaa, nywele kasuka vizuri, macho yamemtoka. Watu wanaosubiri mashine ni wengi, kiti hakikai wazi hata siku. Najua. Mimi mwenyewe nilikalia kiti cha mtu. Lakini nilimchukia yule binti masaa yote manne, na hana kosa.

Kinyozi hakusema neno. Sikujua kama ningeutamani mdomo ule. Tulipofunguliwa akanishika mkono, "Fundi, tusingoje mvua ziishe." Mvua haiishi leo wala kesho. Nikamwambia nitakata tiketi za Jumamosi ijayo.

Jumatano, 26 Machi

Daraja limekwenda na maji. Hakuna basi.

Alhamisi, 27 Machi

Maji: vikombe viwili na nusu. Nilikasirika.

Jumatatu, 31 Machi

Kinyozi kapungua. Kola ya shati imemwachia shingo, vidole viwili vinaingia. Anatapika asubuhi. Leo kanisimulia tena Ngome kana kwamba mimi sijui ukweli, na mimi nikasikiliza kana kwamba sijui.

Ijumaa, 4 Aprili

Daraja limetengenezwa. Tiketi za Jumamosi tarehe 12 ziko mkononi, viti viwili vya mbele, karibu na dereva, Kinyozi aone njia. Mkewe kamwekea koti zito kwa ajili ya baridi ya mlimani. Anadhani mumewe anakwenda kutazama tena mahali anapopapenda.

Jumatatu, 7 Aprili

Kinyozi ana wazo. Nitaliandika kama lilivyo.

Katika hadithi yake, akifika juu anakunywa maji ya baridi, chupa nzima bila kupumua. Anataka kufanya hivyo kwelikweli. Siyo kulamba, siyo kusukutua. Kunywa. Na Sista hataki. Basi kafikiri: mashine inatoa maji kwa hesabu ya mizani. Ukipima kilo mbili juu ya uzito mkavu, wanatoa lita mbili. Sasa ukipanda mizani na kilo moja na ushee ya chuma mfukoni, wanatoa lita moja na ushee ya ziada. "Natoka na nafasi tupu tumboni. Naweka akiba, Fundi! Jumapili naijaza mwenyewe huko juu." Chuma ni kufuli la duka lake na mnyororo wake. Tatizo ni kwamba mfuko wa koti unaning'inia, Sista ataona. Anataka mfuko wa ndani, chini ya kwapa, uliobana.

Nikamwambia ana wazimu.

"Akili ni nywele," akasema. "Kila mtu ana zake. Mimi kazi yangu kuzikata."

Nilicheka. Natamani kuandika hapa kwamba nilikataa. Nilicheka, nikamwambia aniletee koti.

Jumatano, 9 Aprili

Maji: vikombe viwili. Nimeshona mfuko. Mshono mara mbili, bitana ya jinzi ili usichanike. Umekaa vizuri sana.

Ijumaa, 11 Aprili

Naandika hivi mdogo wangu akidhani nimelala.

Asubuhi kulikuwa na baridi, madirisha yanatiririka. Kinyozi kafika na koti. Sista akasema, "Vua." Akasema, "Sista, baridi itaniua kabla ya figo." Na Sista, ambaye sijawahi kumwona meno, akacheka. Akamwacha. Akatoa nusu kilo kwa ajili ya koti, akaandika. Kinyozi akanikonyeza.

Masaa mawili ya kwanza alikuwa anaongea na yule binti wa kiti cha tano habari za Ngome. Saa ya tatu akanyamaza. Miguu ikaanza kumkakamaa, nikaona vidole vya miguu vimejikunja ndani ya soksi. Sista akapita: "Unajisikiaje?" Akasema, "Kama bwana harusi." Sista akapima presha, akakunja uso, akapunguza kidogo kasi ya mashine, akaitwa upande wa pili.

Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. Niliuona. Nilikuwa umbali wa mkono mmoja. Nikajiambia, sema. Nikisema, Sista anasimamisha kila kitu, safari inakufa, na huyu Jumamosi nyingine huenda hana. Nikajiambia dakika kumi tu, imebaki nusu saa. Nikatazama saa ya ukutani. Dakika kumi. Nikajiambia kumi nyingine.

Kichwa chake kikainama mbele taratibu, kama cha mteja wake. Nikamwita. Nikapiga kelele. Sista alikuja mbio, kiatu kimoja kikamtoka, hakurudi kukiokota. Wakamlaza, wakamfungulia maji ya dripu, wakamkandamiza kifua. Wakati wanamvua lile koti ili wafike kifuani, lilitupwa kwenye kiti changu. Watu wote walikuwa wamenigeuzia mgongo. Mkono wangu wa kushoto una sindano, wa kulia uko huru. Nikaingiza mkono kwenye mfuko nilioushona, nikatoa kufuli na mnyororo, nikavitia kwenye kikapu changu chini ya khanga.

Sikufikiri. Mkono ulikwenda wenyewe. Ningependa kuamini hivyo.

Wakavuta pazia. Baada ya muda wakaacha kuhangaika, nikasikia Sista akisema nyuma ya pazia, "Lakini nilipima. Nilipima mwenyewe."

Jumamosi, 12 Aprili

Basi limeondoka.

Jumatatu, 14 Aprili

Kiti cha nne kina mwanamume mnene anayekoroma. Sista Mizani hayupo. Binti wa kiti cha tano kaninong'oneza kuwa wamemtoa wodini, wanachunguza kwa nini alitoa maji mengi kupita kiasi. Sista mgeni kanipima bila hata kutazama namba. Nikaona jinsi mtu anavyokufa hapa kirahisi. Yule wa moyo wa chuma alikuwa anatuhesabu gramu kwa gramu ili tuendelee kuwepo, na mimi nilimwita majina.

Sikusema kitu. Kufuli liko chini ya cherehani yangu, limefungwa kwa gazeti.

Jumapili, 20 Aprili

Nimekwenda kwa mke wa Kinyozi. Marehemu aliniita dada, kwa hiyo yeye ni wifi yangu, na hivyo ndivyo tunavyoitana. Duka wamelifunga kwa kamba. Kasema kufuli halionekani, labda marehemu aliliangusha njiani, alikuwa amechoka siku hizo. Nikasema labda.

Kisha akaniuliza swali, na nimetembea nalo njia nzima ya kurudi. "Wifi, kule Ngomeni alishafika. Alinisimulia siku ya kwanza tu alivyoniona. Sasa mgonjwa vile, mvua hizi, alikuwa anakimbilia nini?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikasema, "Alitaka kwenda kukuchagulia njia, ili akupeleke na wewe."

Akafunika uso. Akalia sana, mabega yanatikisika, na nilijiona nimefanya wema. Alipopangusa macho akasema, "Basi nipeleke wewe. Nataka nisimame aliposimama." Ningesemaje?

Jumatano, 23 Aprili

Maji: sikuandika.

Jumatano, 30 Aprili

Nimemwona Sista. Wamempeleka dirisha la kadi, anaandika majina ya wagonjwa. Kakonda. Nilisimama kwenye foleni nikijiambia nikifika mbele nitamwambia. Nilipofika akaniangalia juu ya miwani. "Unaandika maji yako?"

"Naandika, Sista."

"Usiache," akasema, akaita, "Anayefuata."

Jumatatu, 5 Mei

Mvua zimepungua. Wifi kakata tiketi mwenyewe, viti vya pamoja, kwenda na kurudi.

Jumapili, 11 Mei

Tumerudi. Sina nguvu, lakini nisipoandika sasa sitaandika.

Tulilala nyumba ya wageni chini ya mlima. Asubuhi tukapanda. Ngazi ni mia moja na kumi na nne, pa kushika hakuna, choo kiko chini. Nilipumzika mara tisa. Wifi alinibebea kikapu, akanishika kiuno sehemu zenye utelezi, akanitania, "Fundi, wewe ndiye unanipeleka au mimi nakupeleka?" Alikuwa mwema kwangu kila ngazi. Mdomo wangu ulikuwa umekauka mpaka ulimi unashika meno.

Juu kuna ukuta mrefu wa mawe meusi na uwanja mtupu wenye majani. Upepo. Watu wachache wanapigana picha. Ni mahali pazuri, siwezi kukataa. Wifi akauliza, "Alisimama wapi?" Nikaonyesha pembe ya ukuta iliyokuwa karibu, maana sikuweza kutembea zaidi. "Hapa."

Akasimama hapo. Akatazama chini. Akaenda upande wa pili, akatazama. Akauzunguka ukuta wote, mimi nimekaa juu ya jiwe namsubiri. Aliporudi akasema, "Mto uko wapi?"

Chini kulikuwa na mabati, barabara na machimbo ya kokoto. Pande zote. Akamuuliza mlinzi wa pale, "Baba, hapa pamewahi kuwa na mto?" Mlinzi akasema mto wa karibu ni ule tulioupita jana, mwendo wa saa nzima kwa basi.

Akakaa karibu nami. Nilidhani atalia. Akaanza kucheka. "Mwanamume yule! Miaka thelathini na moja! Na mimi nawahadithia mashoga zangu!" Akacheka mpaka akapangusa macho, akanipiga paja. "Wewe ulijua."

"Nilijua. Alikuwa anakuja ili iwe kweli."

"Basi alikuwa ananipenda, mjinga yule." Akautazama ukuta. "Uongo wenyewe haukumdhuru mtu. Hakuwa na kosa lolote, wifi. Yule sista ndiye aliyemuua. Namwapiza kila asubuhi nikiamka, yeye na kizazi chake."

Ningeweza kuitikia kwa kichwa. Nimeitikia mangapi. Nikasema, "Usimwapize. Kufuli la duka liko kwangu."

Hakuelewa. Nikamweleza yote, kwa mpangilio, kama ninavyoeleza vipimo: kufuli, koti, mfuko, mizani, zile dakika kumi na zile kumi nyingine, mkono wangu wa kulia. Nikamwambia kesho asubuhi, kabla ya kupanda mizani, nitakwenda kwa mkubwa wa hospitali kusema hayohayo, wamrudishe Sista. Nilimwambia nilishona kwa mshono mara mbili. Sijui kwa nini nilimwambia hilo.

Wifi hakupiga kelele. Akavuta kikapu, akatoa chupa ya maji, ile kubwa aliyoinunua asubuhi, bado ina umande ubavuni. Akafungua. Akasimama mbele yangu, macho yake kwenye macho yangu, akanywa. Alikunywa bila kupumua, koo linapanda na kushuka, maji yanamwagika kidevuni, mpaka chupa ikalia tupu. Hakunikaribisha.

Akanirudishia kikapu changu. Tukashuka, yeye mbele. Basi lilikuwa la saa saba, na tulikaa pamoja masaa sita.